Jumamosi Niliyomnunia Wambui

Enzi zetu, na ninyi mliozaliwa kwenye mashamba ya wazungu mtakuwa mashahidi wangu, baisikeli haikuwa kitu cha kupunguzia kitambi. Ilikuwa mali. Mwenye baisikeli alisalimiwa kwanza, na akipita watoto tulimkimbilia kwa nyuma mpaka vumbi likatumeza. Baba yangu alikuwa nayo, ila haikuwa yake. Ilikuwa ya shamba, naye alipewa kwa sababu ndiye aliyekuwa mtu wa mfereji.

Tulikaa kule tambarare, kati ya Njoro na Rongai, ambako ukisimama barabarani unaona mahindi mpaka macho yachoke, na mlima Menengai umejilaza kwa mbali. Mfereji ulianzia mtoni ukakatiza mashamba, na kando yake palikuwa na njia nyembamba ya changarawe, yenye vumbi jeupe laini kuliko unga. Baba aliifuata njia hiyo siku nzima, akizibua majani yaliyokwama na kuziba panapovuja. Mama alibaki kwetu Bungoma na wadogo zangu. Mimi nililetwa nimpikie Baba, nikiwa na miaka kumi hivi. Chumba kimoja cha udongo, sufuria moja, na hakuna hata mtoto mmoja wa lugha yangu kambini. Wenzangu walinicheka nilivyotamka maneno. Nilikuwa mpweke, wacha niseme ukweli. Kuna siku nilizungumza na kuku, tena nikamwuliza ananionaje.

Kilichoniokoa ni baisikeli. Sikufika kwenye kiti, kwa hiyo nilipitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda upande, nikakanyaga pedali hivyo hivyo. Ukianguka, unaanguka na chuma chote juu yako. Wanawake wa kambi walipiga kelele, "Msichana na baisikeli! Utaolewa na nani wewe?" Sikujali. Nikiwa juu ya ile njia, upepo masikioni, maji yananisindikiza upande mmoja na ngano upande wa pili, hakuna aliyeweza kunicheka, maana hakuna aliyeweza kunifikia.

Sasa, mfereji ule ulihudumia mashamba mawili. Mahali ulipogawanyika palikuwa na kisanduku cha mbao chenye ubao mmoja wa kuinua na kushusha. Wiki hii maji ni yetu, wiki ijayo ni ya shamba la ng'ambo. Jumamosi alasiri ubao uligeuzwa, na sharti wawepo watu wawili, mmoja wa kila shamba, asije mtu akaiba maji. Wakati wa kiangazi watu walikuwa wamewahi kutoana damu pale. Baba alipoona nimeimudu baisikeli, akaanza kunituma mimi ili apumzishe mgongo. Kila Jumamosi aliniambia maneno yale yale: "Usiguse ubao kama wa ng'ambo hajafika. Hata ukingoja mpaka usiku."

Mara ya kwanza nilipofika, nikaona vumbi linakuja kutoka ng'ambo. Nikadhani ni mzee fulani. Mungu wangu! Alikuwa msichana, rika langu, mguu umepitishwa katikati ya fremu, amepinda upande ule ule. Tukatazamana, tukaangua kicheko mpaka tukakaa chini. Alikuwa Wambui. Mtu wa mfereji kwao alikuwa babu yake, aliyemwita Guka, na magoti ya Guka yalikuwa yamekataa kazi.

Toka siku ile niliishi kwa ajili ya Jumamosi. Siku nyingine zote zilikuwa za kupita tu. Wambui alileta githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye mkebe, mimi nilileta viazi vitamu vilivyookwa majivuni. Kugeuza ubao kulichukua dakika moja. Sisi tulikaa mpaka jua likakaribia kuzama. Tulishindana mpaka kwenye miti mikubwa ya migaa na kurudi, tukatia miguu majini, tukafundishana kuhesabu, yeye kwa Kikuyu, mimi kwa Kibukusu. Alikuwa na meno yaliyoachana mbele, na alipocheka alijiziba kwa mkono wenye grisi ya cheni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kumwambia jambo.

Halafu Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, ikatangazwa. Watu wazima walianza kunong'ona, nyapara akawa mkali, askari wakapita na magari. Sisi watoto hatukuelewa mengi. Jumamosi moja ya kiangazi Wambui alikuja polepole. Hakutaka kushindana. Mwisho akaniambia, akitazama maji, "Mama amesema nisikuzoee sana."

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Hakusema."

Basi mimi, mtoto mjinga, nilisikia kitu kimoja tu: kwamba mama yake hanitaki. Kwamba hata hawa, kama wale wa kambini, wameniona si mtu wa kwao. Nilipanda baisikeli nikamwambia, "Haya, usinizoee!" Nikaondoka bila kugeuka. Nilisikia akiniita jina mara mbili.

Wiki nzima nilinuna. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu ya kupokea maji, na nilijua Wambui angefika mapema kama kawaida. Nikasema moyoni, acha angoje aone. Nilikaa nyuma ya kibanda cha mahindi nikila mapera, nikihesabu jinsi anavyoteseka. Jua lilipoanza kulegea ndipo nikaondoka, polepole, kwa maringo.

Sikuwa nimefika hata nusu ya njia nilipokutana na maji. Yalikuwa yanashuka ndani ya mfereji mkavu, yakisukuma majani na povu mbele yake. Nikasimama. Wambui alikuwa amegeuza ubao peke yake. Alijua tusipopata maji nitachapwa, kwa hiyo akavunja sharti, akatufungulia. Nilikanyaga pedali kwa nguvu mpaka kwenye kisanduku, lakini hakuwepo. Kulikuwa na alama za tairi kwenye vumbi, duara juu ya duara, akizunguka pale pale, akizunguka. Sijui ni mara ngapi.

Shamba lao halikuwa mbali. Njia ilikuwa wazi na baisikeli nilikuwa nayo. Ningefika, nimwite, tucheke, nirudi nyumbani kabla ya giza. Badala yake nikajiambia, nitampa viazi Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo nilifika mchana mapema, viazi viwili vya moto vimefungwa kwenye kanga. Aliyekuja kutoka ng'ambo alikuwa mzee nisiyemjua, anatembea kwa miguu.

"Wambui yuko wapi?" nikamwuliza.

"Wambui gani?"

"Wa Guka. Wa mfereji."

"Ah, hao. Wakikuyu wote wa huko walibebwa na lori Jumanne. Wamepelekwa rizavu, kule Ukikuyuni. Mimi nimeletwa jana tu." Akaangalia viazi vyangu, kisha akaangalia kisanduku. "Haya mtoto, geuza ubao."

Niligeuza. Ndipo nilipomwelewa mama yake Wambui. Alikuwa anaona lori linakuja, akataka kumpunguzia mtoto wake maumivu. Hakuwa na neno lolote na mimi. Nililia njia nzima, nikaanguka mara mbili, na Baba aliponiuliza nikamwambia ni vumbi.

Nilienda Jumamosi zote zilizofuata kwa miaka mitatu. Njia ilikuwa ile ile, migaa ile ile. Nilishindana peke yangu mpaka kwenye miti na kurudi. Hakuna upweke mbaya kama wa mahali ulipowahi kucheka.

Siku hizi nakaa mjini kwa mwanangu, mtaa wa Section 58. Mjukuu wangu na wenzake wamenunua baisikeli za tairi pana, wamevaa kofia za plastiki na suruali zilizowabana mpaka naona aibu kutazama. Jumamosi wanaondoka kwenda Njoro na Rongai, njia zile zile za mifereji. "Shosh, tunaenda gravel!" Shosh ni mimi bibi yao, na gravel ni ile ile changarawe yetu. Maji ya kunywa yana mrija, simu inawaambia pa kugeukia, na wakipata pancha wanaipiga picha kwanza ndipo wanampigia mtu aje na gari. Sisi tungebandika kiraka tukaendelea. Lakini siwacheki sana. Wanaenda wengi na wanarudi wengi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja amenuna. Rafiki yake wa baisikeli alikuwa amemwudhi, naye amem-block kwenye simu. Nilimwambia akamtafute leo hii. Akacheka, "Shosh, tulia, tuta-sort haya mambo." Kweli, kabla ya chakula cha usiku walikuwa wanatumiana vichekesho. Akaniuliza mbona natoa machozi, nikamsimulia. Akachukua simu amtafute Wambui wangu. "Wambui nani, Shosh?" Sikujua. Watoto hatukuulizana jina la pili. Akaandika Wambui, wakaja Wambui elfu moja, wote vijana.

Wao wananuna saa mbili, yanaisha. Mimi nilinuna Jumamosi moja, na mpaka leo sijapata mtu wa kumwambia yameisha.