Kidole cha Nne cha Pascaline

Pascaline, mjane wa mdogo wangu Gédéon, alikuwa na miaka hamsini na nane alipoanza kujifunza piano. Watu wa mtaa wetu hapa Kasongo walimcheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha.

Alizaliwa Lusangi, kwa wakulima wa mpunga. Alipoolewa kwetu alikuja na beseni mbili tu. Akazaa watoto wanne, wa kwanza ndiye Olga, na akauza mafuta ya mawese sokoni miaka thelathini. Gédéon ndiye aliyekuwa mpiga piano wa parokia. Mumewe akipiga, Pascaline alikaa benchi la nyuma, kimya, kama mtu anayelinda mzigo.

Gédéon alipofariki, piano ya kanisani ilifunikwa kitambaa na hakuna aliyeigusa. Mwezi wa nne wa ujane wake, Pascaline akaja kwangu, akaketi kwenye mkeka. Ananiita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, siku ya kuondoa matanga, nikivua nguo nyeusi, nataka kumpigia wimbo wa wafu. Mimi mwenyewe."

"Kwa vidole gani, Mama Olga? Hivyo vya kutwanga majani ya sombe?"

"Ndivyo niko navyo."

Mwalimu wake alikuwa Ruphin, mtu wa Kabambare, aliyekuja na pikipiki Jumamosi mbili kwa mwezi, barabara ikikubali. Mimi naongoza sauti ya kwanza katika kwaya tangu nikiwa msichana, kwa hiyo nilikwenda kusikiliza, nione kama kanisa haliharibiwi.

Ruphin hakuanza na wimbo. Alianza na ngazi ya sauti. Unapanda la, si, do, re, mi, fa, zote nyeupe. Halafu sol nyeupe unaiacha, unakwenda kwenye nyeusi iliyo juu yake, sol dieze, ndipo unafika la.

"Shuleni inaitwa mineri armoniki," alisema. "Nyimbo nyingi za kilio zinakaa humo. Kati ya fa na sol dieze iko pengo kubwa. Usiogope kuruka, mama."

"Nimeruka mito ya Lusangi na beseni kichwani," Pascaline akajibu. "Pengo la kidole litanitisha?"

Lakini lilimtisha. Kidole cha tatu kilikaa kwenye fa, cha nne kikatakiwa kufika kwenye nyeusi, na kidole hicho hakijawahi kufanya kazi peke yake. Kila mara kilianguka kwenye sol nyeupe. Wiki kwa wiki ikawa vile vile. Hata nyumbani alipanda na kushuka juu ya meza, bila sauti, huku wali ukiungua.

"Kidole chako kimerudi kwao tena," Ruphin alimtania.

Mimi nilijua sababu, nikainuka. "Mwalimu, sikio lake ndilo linakataa. Wimbo wetu hauna hiyo nyeusi."

Ndivyo tulivyofundishwa. Zamani parokia ilikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na kibao cheusi cha sol kilikuwa kimekufa. Ukikigusa, ulisikia upepo tu. Katekista Nathanaël aliyetufundisha wimbo alikwepa shimo hilo kwa kupiga kibao cheupe cha jirani yake. Sisi watoto tukameza hivyo hivyo, na hivyo ndivyo tulivyomzika mama yetu, na wengine wengi.

Pascaline hakubishana. Alitoa mfukoni daftari la Gédéon, akalifungua mbele yangu. Wimbo ulikuwa umeandikwa kwa mkono wake, na mbele ya kila sol iko alama ya dieze, kwa kalamu ya bic nyekundu.

"Yeye alijua, Yaya. Nataka wimbo usikike mara moja tu namna alivyoutaka."

Piano mpya ilipofika, Gédéon aliwahi kupiga ile nyeusi, siku ya mazoezi. Mimi ndiye niliyemsimamisha mbele ya kwaya nzima. Nilimwambia anachafua wimbo wa mama. Hakuipiga tena mpaka anakufa. Ilikuwa miaka kumi na mitano.

Hata hivyo nilimjibu Pascaline kwa ukali. "Piga unavyotaka. Mimi nitaimba ninavyojua."

Siku ya kuondoa matanga kanisa lilijaa. Pascaline aliketi kwenye piano na nguo zake nyeusi, mgongo umenyooka. Ubeti wa kwanza nilikwenda chini, kwenye sol nyeupe, kama siku zote, na kwaya nyuma yangu. Piano ikaenda juu. Sauti mbili zikagongana vibaya, watu wakageuza vichwa. Emilienne, jirani yangu katika kwaya, akanikanyaga mguu.

Ubeti wa pili niliona ile bic nyekundu machoni pangu, nikapanda. Wakati huo huo Pascaline, akiona aibu kwa wafiwa, akashusha kidole kwenye nyeupe. Tukapishana. Nikamtazama, naye akanitazama, na mikono yake ikasimama.

Nilitoka kwenye mstari, nikaenda kusimama kando ya piano.

"Panda, mama," nikamwambia. "Tunakwenda wote."

Alianza ubeti wa tatu. Alipofika pale kwenye pengo, kidole cha nne kiliruka, kikafika kwenye nyeusi. Niliifuata ile noti kwa sauti yangu ya uzee. Nilikuwa peke yangu, lakini nilifika. Pascaline alipiga mpaka mwisho huku machozi yakidondoka juu ya vibao, wala hakuyafuta.

Nje, Emilienne alinishika mkono. "Nani amebadilisha wimbo wetu?"

"Ni Gédéon," nikamjibu, watu wakisikia. "Alitaka zamani. Mimi nilimkataza."