Siku Herlinda Alipoliona Shamba Lote

Kwetu Guatemala hakuna anayepanda mlima Tajumulco kuomba kitu hali ameshiba. Herlinda Chilel alipanda na njaa yake, ubani kifuani, mishumaa ndani ya furushi, kamba ya mzigo ikimbana kipaji cha uso. Mvua ilikuwa imegoma. Mahindi yake yalikuwa yameanza kujikunja, kwenye ule mteremko ambao ukiteleza unaangukia kwa jirani. Yakifa, lori la shamba la kahawa lingempeleka tena pwani, yeye na bintiye Nikolasa. Na huko pwani ndiko alikomzika kifungua mimba wake, Abelino. Mtoto alikufa kwa homa, msimamizi anasema, "Chumeni kwanza."

"Omba mvua," mama mkwe wake, Mama Eufemia, alikuwa amemwagiza. "Mvua tu. Usianze porojo zako."

Herlinda alifika kileleni jua linachomoza. Akageuka. Jamani! Miaka yote hiyo aliishi chini ya mlima huu, kumbe hajaona kitu! Volkano zimepangana hadi macho yanakoma, moja inafuka moshi. Mawingu yamelala mabondeni. Na mwisho wa yote bahari, inang'aa. Kabla ya bahari, tambarare ya kijani, mashamba ya matajiri, udongo mweusi usio na jiwe, na sisi tumeachiwa miamba ya kuning'inia! Akainua kiganja. Kikalifunika shamba lote, lile alilodhani halina mwisho, lililommeza mwanawe. Akapiga magoti, akawasha ubani, akalia, akashukuru, akaliita jina la Abelino wake kwa sauti mpaka koo likakauka.

Mvua aliikumbuka akiwa mlangoni kwake.

"Umesahau?" Mama Eufemia alishika kiuno. "Mwanamke wewe! Umepanda mpaka mbinguni ukasahau kilichokupeleka?"

"Nimesahau, mama. Ungekuwa wewe, ungesahau hata jina lako."

"Haya, tutakula huo uzuri."

Mvua ilikuja kwa kusuasua, ikaokoa nusu ya mahindi. Lori nalo likaja, likapiga honi. Nikolasa alikuwa ameshafunga blanketi lake. Herlinda akalifungua, akalitandika tena kitandani.

"Kamwambie dereva hatuendi," alisema. "Lile shamba nimeliona. Ni dogo."