Pumzi Kabla ya Risasi

Karatasi ya shabaha haina haya. Wenzake katika klabu ya kulenga shabaha walikuwa wakimzungukazunguka kwa maneno matamu, lakini karatasi ilisema waziwazi: risasi za mama mshonaji zilikuwa zinakwenda arijojo. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua timu ya masafa marefu. Akiachwa safari hii, kwa umri wake, basi tena.

Fundi bunduki wa klabu, mdogo wa marehemu mumewe, hakumficha.

"Shemeji, macho yako hayana neno. Kitako cha bunduki hii kaka alijichongea mwenyewe, na kaka alikuwa mrefu kama mlingoti. Wewe unakinyooshea shingo kama unachungulia dirisha la jirani. Mtutu mzito, triga laini, darubini safi, vyote vizuri, lakini bunduki isipokukaa mwilini ni kazi bure. Wewe ungenishonea suti kwa vipimo vya mtu mwingine?"

"Kwa tumbo hilo, hata vipimo vyako havikutoshi."

Walicheka, lakini mama hakuiachia bunduki ya mumewe. Kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu.

Mumewe ndiye aliyemfundisha, wakilala kifudifudi bega kwa bega. Vuta pumzi, ishushe, na katika ule utulivu mfupi kabla ya kuvuta nyingine, bonyeza. Kosa lake lilianzia hapo: alizoea kufuata pumzi za mumewe, si zake. Sasa kila alipolaza shavu kwenye ule ubao wa kitako, ambao bado ulinukia mafuta ya nywele ya marehemu, aliisikia pumzi ikivutwa karibu na sikio. Ikivutwa tu. Alingoja ishushwe, akangoja, mpaka kifua chake mwenyewe kikaanza kutetemeka na risasi ikatoka ovyo.

Siku hiyo alimwambia shemeji yake yote. Fundi akaangalia pembeni.

"Ni mawazo tu, shemeji. Msiba una mambo. Hebu jaribu hii."

Akamletea bunduki nyingine, akaipunguza kitako, akainua pedi ya shavu, akarudia mpaka kichwa cha mama kikatulia chenyewe nyuma ya darubini. Mama akalala mkekani. Hapakuwa na harufu ila ya mafuta ya chuma, wala pumzi ya mtu. Kimya kile kilimtisha kuliko alivyozoea kutishwa. Akavuta pumzi yake mwenyewe, akaishusha, akabonyeza. Akarudia mpaka risasi zikaisha.

Karatasi ilipoletwa, matundu yote yangefunikwa na kifungo kimoja cha koti. Fundi alipiga makofi peke yake. Mama alikuwa analia, kwa uchungu wa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Nachukua hii," alisema.

Walirudi kwenye chumba cha silaha. Fundi aliifuta bunduki ya kaka yake, akaisimamisha kabatini. Kabla hajafunga mlango, pumzi ndefu ilishuka nyuma yake, pumzi ya mtu aliyechoka na sasa ametua mzigo.

"Ndiyo hivyo, shemeji," alisema bila kugeuka. "Shusha pumzi. Yamekwisha."

"Sio mimi," alijibu mama kutoka nje, mlangoni.

Fundi aligeuka: chumbani alikuwa peke yake. Habari ya mawazo hakuitaja tena.