Godoro la Mama Mkwe

Jilala Nkinda, fundi baiskeli wa Bariadi, alikuwa mtu wa maneno machache. Baiskeli ikiletwa aliizungusha gurudumu, akasikiliza, akataja ugonjwa. Godoro, hata ulisikilize vipi, halisemi kitu.

Mama mkwe wake, Nyamizi wa kijiji cha Ngulyati, alikuwa na kidonda mguuni. Daktari alitaka kisafishwe hospitali ya mjini kila siku kwa wiki mbili, la sivyo mguu ungekatwa. Mara ya kwanza alipokuja, Jilala na mkewe walimpa kitanda chao. Akakataa, kwao Wasukuma mkwe halali alipolala mkwe. Alilala mkekani, na kulipokucha akarudi kwake na mguu umevimba. Sasa alikuwa anakuja tena, na nyumba ilikuwa na chumba kimoja na sebule.

"Hili la kukunja," alisema Bujiku, muuza magodoro wa sokoni. "Mchana unalikunja, linakuwa kiti. Lala ujaribu, fundi."

"Ni la mama mkwe."

Bujiku naye ni Msukuma. Aliondoa mkono wake godoroni.

Wakasimama wakilitazama. Akapita Milembe, muuza dagaa, mwenye umbo kama la Nyamizi.

"Mwangaluka, mayu," Jilala alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Naomba unilalie godoro."

"Asubuhi yote hii? Mkeo anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

Milembe alitua beseni, akajilaza kwenye la inchi tatu. "Hapa mgongo unagusa sakafu." Akahamia la inchi sita.

"Na hilo?"

Milembe alikuwa amefumba macho. Waliuliza tena. Alikuwa anakoroma.

Jilala alilipia hilo, kisha wakangoja aamke.

Jioni Nyamizi alifika. Alikaa kwa kumpa mkwewe kisogo, akasema na binti yake.

"Blandina, muulize mumeo, nani amelalia kitu hiki?"

"Mwambie mama, ni Milembe wa dagaa," Jilala aliuambia ukuta.

"Milembe? Yule hulala hata kanisani, amesimama!"

Jilala alikwenda chumbani akafunga mlango.

Kulipokucha alivaa, akashika kitasa, akasikiliza. Pumzi za mama mkwe zilikuwa ndefu, zinakwenda na kurudi kama gurudumu lililopakwa mafuta. Mlango wa kutokea ulikuwa sebuleni, ng'ambo ya godoro, na mkwe hamruki mkwe. Dirisha lilikuwa na nondo.

Blandina alichungulia, akarudi kwa ncha za vidole. "Amelala chali," alinong'ona. "Sijamwona hivyo tangu mguu uanze."

"Mwache."

Saa mbili simu ikalia. Jilala aliifunika kwa blanketi, akaingiza kichwa humo.

"Fundi, tumejaa hapa!" alisema mteja mmoja. "Uko wapi?"

"Nyumbani. Mama mkwe amelala."

"Kwani amezidiwa?"

"Hapana," Jilala alinong'ona. "Amelala."