Dagaa wa Mbuke na Pilau la Mzee Akida

Miaka ile ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, ukiwa mwanachuo wa ualimu pale Shinyanga na una jiko lako la mkaa, wewe ulikuwa mtu mkubwa. Bwalo lilitoa ugali na maharage wiki nzima, na maharage yenyewe ulikuwa unayatafuta kwenye mchuzi kwa kijiko. Jumamosi na Jumapili wanachuo wa kike waliruhusiwa kujipikia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya bweni. Hapo ndipo jina la Mbuke lilipovuma.

Mbuke alitoka Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi ziwani, kwa watu wanaoanika dagaa tangu wanajua kutembea. Alikuja chuoni na gunia la dagaa na bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu na kifuniko chake, alilopewa na mama yake siku ya kuondoka. Chini yake alilipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, maana bwenini vyombo vina miguu. Alikuwa akiwakaanga dagaa wake wakavu mpaka walie, anawatoa vichwa, anawarudisha jikoni na nyanya na karanga za kutwanga, halafu mwishoni anakamua limau. Watu waliokuwa wakipita njia ya mbali walikuwa wanajikuta wamefika kibandani bila kujua wamekujaje.

Mmoja wao alikuwa Makoye. Huyu naye alikuwa mwaka wa pili, mtoto wa wafugaji, mrefu, bugaluu lake lilifagia vumbi la mji mzima. Mdomo wake, jamani, ulikuwa umepakwa asali! Alikula mara ya kwanza, akalamba vidole, akamwambia Mbuke, "Mikono hii sitakubali iende kwa mtu mwingine. Tukimaliza chuo, nakwenda Nkome kwa wazee wako." Mbuke akaamini. Na kwa nini asiamini? Mtu anakula kwako kila Jumamosi mwaka mzima, utamfikiria nini?

Akishashiba, Makoye alikuwa na ombi lake lilelile. "Mbuke, nifungie na kidogo nimpelekee mjomba wangu mjini. Anaumwa tumbo, chakula cha hotelini hakimpandi." Mbuke anajaza bakuli lake, anabana kifuniko kwa kitambaa, Makoye anaondoka nalo. Jumatatu linarudi limeoshwa, tupu.

Sasa kwao Mbuke, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Unatia limau, unatia chumvi kidogo, hata yai moja. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba mimi na wewe basi. Mbuke aliliona hilo Jumatatu baada ya Jumatatu, akajisemea, "Wanaume hawa, mambo ya vyombo watayajulia wapi."

Na Jumapili je? Jumapili alasiri kulikuwa na bugi ukumbini, muziki unasikika mpaka chuoni. Makoye alikwenda peke yake. "Wewe ni mtu wa heshima zako," alimwambia Mbuke, "bugi si mahali pako." Mtu wa heshima akabaki anasugua masufuria kwa majivu. Na kuhusu kwenda kula pilau kwa Mzee Akida karibu na stesheni, ahadi ilikuwa ni mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika ni mwezi ujao tena.

Chiku, aliyelala kitanda cha pili chumbani kwa Mbuke, alikuwa mtoto wa mjini, na Mzee Akida huyo alikuwa baba yake mdogo. Alisema wazi. "Mwenzangu, wewe unampa dagaa, yeye anakupa maneno. Nani anashiba hapo?"

"Una wivu," Mbuke akamjibu.

Kila Jumamosi asubuhi Mbuke alikwenda sokoni kununua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, akaichemshe na karanga. Alinunua kwa mama mmoja tu, aliyekuja na treni kutoka Isaka na kurudi nayo jioni. Walipendana. Mbuke akipiga goti na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yule mama anaitika kwa furaha, anampimia, halafu anaongeza konzi la bure juu, na jingine tena. "Kula mwanangu, mbona umekonda na masomo hayo."

"Wabeja, mayu," Mbuke anashukuru.

Jumamosi moja, ya wiki ambayo bakuli halikurudi, Mbuke alichelewa, akamkuta mama wa Isaka amekaa nyuma ya magunia yake anakula. Alikuwa anakula dagaa. Bakuli lilikuwa jeupe, ukingo wa buluu.

"Karibu tule," mama akasema, na kwa ukarimu akaliinua bakuli kumsogezea. Chini yake kulikuwa na tone jekundu.

Mbuke alilitambua. Akakaa juu ya gunia. "Bakuli zuri, mayu. Umelipata wapi?"

"Si langu. Ni la mchumba wa binti yangu. Ninaye binti, Mageni, anasomea unesi hapahapa mjini. Kaposwa na mwalimu mtarajiwa, kijana mmoja Makoye. Basi kila Jumamosi jioni anamletea chakula, hakosi. Hiki kimebaki cha wiki iliyopita, Mageni alikuwa anakitia motoni kila siku kisiharibike, kaniwekea. Nimekula cha huyo kijana mara nyingi."

"Anapika mwenyewe?"

"Mwanamume apike dagaa hivi? Ana msichana wake wa kazi huko chuoni." Mama akalamba kidole. "Fundi, si mchezo. Nimemwambia Mageni, ukishaolewa, msichana huyo usimwache, nenda naye."

Msichana wa kazi! Mbuke, mwanachuo wa mwaka wa pili, binti wa watu, ameshapangiwa kuhamia na mke kama sufuria. Akamuuliza, sauti ikiwa imetulia mpaka mwenyewe akashangaa, "Na wewe huyo mkweo umeshamwona?"

Mama akashtuka kweli. "Nimwone wapi! Mkwe wangu! Wanakuja washenga na baba zake wadogo, yeye haji. Nikiambiwa yuko njiani naingia vichakani, na yeye aingie upande wa pili. Hata jina lake sipendi kulitaja sana. Mtu akitia mkono chombo kimoja na mkwewe, atautazama wapi uso wake? Si ndivyo hata kwenu?"

"Ndivyo, mayu," Mbuke akasema. Ndivyo ilivyokuwa kweli, Nkome mpaka Isaka.

Alirudi bwenini na michembe yake. Hakulia. Chiku alimwona anavyovunja mkaa, vipande vinaruka hadi ukutani, akauliza kuna nini. Mbuke akamwambia yote.

"Haya, nenda kamwambie huyo Mageni, yaishe," Chiku akasema.

"Thubutu! Nikamwambie nini? Makoye atakana, atalia mpaka machozi, nitaonekana mimi ndiye mwongo, msichana wa kazi mwenye tamaa. Aa-a. Kanifanya mjinga kwa mdomo wake. Nataka ajimalize kwa mdomo huohuo, mbele ya mtu ambaye hawezi kumdanganya tena. Makoye nitamkomesha."

"Na yule mama?"

"Mama ana nini? Mama hakatwi kichwa." Mbuke akawasha jiko.

Makoye alipokuja kula, alikula. Mbuke alimpakulia vizuri kuliko siku zote, akamchagulia na ukoko wa ugali anaoupenda. Alikuwa anamtazama anavyotafuna na moyoni anasema, tafuna, baba, tafuna. Aliposema bakuli amelisahau kwa mjomba, Mbuke akamwambia usijali, mjomba apone kwanza.

Wiki iliyofuata akamwambia, "Jumamosi usije kibandani. Baba kauza dagaa vizuri, kanitumia cha kula raha. Twende kwa Mzee Akida, pilau juu yangu." Makoye akapiga makofi kama mtoto. Na asubuhi ya Jumamosi Mbuke akapita sokoni. "Mayu, umeniongezea michembe mwaka mzima. Leo kabla ya treni njoo tule pamoja, mimi na rafiki yangu mmoja wa chuoni." Mama wa Isaka alifurahi, akatoa khanga mpya ndani ya kapu, akajifunga.

Kwa Mzee Akida pilau la Jumamosi halikuwa la sahani. Mlioketi meza moja mliletewa sinia moja, mnanawa, mnakula kwa mkono. Mwenye kutaka sahani alikuwa anaambiwa aende stesheni akale mikate. Mbuke alimkalisha mama upande wa ukutani. Makoye akaingia, raizoni zinagonga sakafu, macho yake yako jikoni.

"Huyu mama ndiye ananiuzia michembe," Mbuke akasema. Hilo halikuwa uongo.

"Shikamoo, mama," Makoye akasema, akampa mkono bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu."

Sinia likaja, moshi unafuka, nyama juu. Makoye hakungoja kukaribishwa. Walikula. Makoye alikuwa na roho nzuri siku hiyo, akavunja pande la nyama na kulisogeza upande wa mama. "Kula, mama yangu, usione haya." Mama akacheka, akalichukua, akala. Mbuke alikuwa anahesabu matonge kimoyomoyo, na pilau halikuwa na ladha yoyote kinywani mwake. Alipoona wote wawili wameshazama katikati ya sinia, akasema polepole, "Makoye, nimesikia una mchumba. Mwanafunzi wa unesi."

Makoye akameza. Asali ikaanza kumwagika. "Nani kakwambia? Yule? Ah, Mbuke, yule wazee wamenitafutia tu, mimi simo. Msichana mwenyewe hajui hata kuchemsha maji. Na kwao ni watu gani basi! Washamba wa Isaka, mama yake sijui anauza michembe, sijui anaokota nini. Nitaanzaje kuoa nyumba kama hiyo, na wewe upo? Tena wana njaa hao, ukiwapelekea chakula wanasafisha bakuli kwa ulimi."

Mkono wa mama ulikuwa ndani ya sinia. Ulibaki humohumo.

"Binti yake anaitwaje?" Mbuke akauliza.

"Mageni."

"Basi msalimie mama Mageni vizuri, Makoye. Huyo hapo. Mmekula naye sinia moja."

Wali ulimng'ang'ania Makoye mdomoni. Alitazama ule mkono wa mama, akatazama wa kwake, ilivyokaribiana, yote miwili ina mafuta, akaruka nyuma na benchi likaanguka. Aliinamisha kichwa, akajaribu kurudi kinyumenyume jinsi mkwe anavyotakiwa, akajigonga mlangoni, raizoni moja ikamvuka. Aliiacha. Alikimbia barabarani na kiatu kimoja, anapanda na kushuka, na watu wote wa kwa Mzee Akida wakatoka nje kutazama. Mbuke alicheka mpaka akashika mbavu. Loo! Mwaka mzima wa masufuria ulimtoka kifuani kwa kicheko kile.

Alipogeuka, mama wa Isaka alikuwa amejifunika khanga mpya usoni, mkono wenye mafuta ameuweka mbali na mwili wake.

"Mayu, huyo ndiye aliyekuwa anatudanganya sote," Mbuke akaanza. "Yule msichana wa kazi ni mimi. Bakuli ni langu."

"Ulijua ni mkwe wangu?"

Mbuke akainama kuokota benchi lililoanguka.

"Ulijua. Na ukaniacha nikatia mkono."

Akanyanyuka, akachukua kapu lake, akaenda stesheni. Treni ilikuwa bado sana. Mzee Akida aliyekuwa amesimama karibu na jiko alimtazama Mbuke, akaliondoa sinia mezani.

Basi Makoye alikwisha. Wazee wa Isaka waliwarudisha washenga na maneno makavu, na Mageni alipita chuoni siku moja kumtupia barua zake getini. Jina jipya likazaliwa: Mkwe Sinia. Akiingia bwaloni, meza nzima wanagonga sahani. Akienda bugi, wasichana wanamuuliza kama amekuja na viatu vyote viwili. Aliacha bugi, akaacha bugaluu, akawa anakula maharage yake pembeni, na Mbuke alikuwa anakaa kusudi mahali pa kumwona vizuri. Alishiba kwa kumtazama, na hakuona haya kusema hivyo.

Jumamosi tatu mama wa Isaka hakuja sokoni. Ya nne akaja. Mbuke alimwona kwa mbali, akaenda mbio, akapiga goti vumbini.

"Mwangaluka, mayu."

Mama aliitika kama anavyomwitikia mteja yeyote. Mbuke akaomba msamaha, akarudia, akasema hasira zilimpofusha, hakumkusudia yeye. Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaingiza mkono kapuni, akatoa bakuli jeupe, limesuguliwa hadi linang'aa, kifuniko kimefungwa kwa kile kitambaa cha Mbuke mwenyewe. Akampa kwa mikono miwili.

Moyo wa Mbuke uliruka kwa furaha. Alifungua kitambaa palepale, akainua kifuniko. Tupu.

Mama alikuwa ameshageukia mteja mwingine, anampimia, anamwongezea konzi la bure juu. Mbuke alirudi bwenini na bakuli mkononi, na Chiku akauliza mbona leo hapiki. Makoye huyo, Mbuke angemfanyia vilevile tena, na zaidi, hilo hajawahi kulijutia. Lakini alikaa kitandani na lile bakuli, akaligeuza, akalikung'uta, akaingiza vidole mpaka kwenye ukingo, kama huenda kipande kimoja cha mchembe kimenasa mahali. Hakikuwepo.