Kompyuta Iliyoganda Juu ya Mashine ya Pilipili

Mume wangu alipopunguzwa kazi reli, wenzake wengi walifungua maduka ya mitumba. Yeye alinunua kompyuta iliyokwisha tumika. Alisema zama za biashara huria zinahitaji watu wa karatasi.

Aliiweka sebuleni kwetu, ghorofa ya kwanza, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, akabandika tangazo mlangoni: tunachapa barua, risala na kadi za harusi. Mchapaji nilikuwa mimi, niliyetumikia taipureta ya ofisi miaka kumi na mitatu. Yeye alikuwa mkurugenzi.

Mwezi wa pili ikaanza kuganda. Unachapa "Familia ya Bwana na Bibi", mara mausi inasimama, herufi hazitoki hata ubonyeze vipi. Tunazima, tunawasha, tunaanza upya, na Bwana na Bibi wameshapotea.

"Ni vidole vyako," akasema. "Unaigonga kama unatwanga kisamvu."

Iliniuma, lakini nikajifunza kugusa herufi kama mtu anayeshika yai bichi. Ikaganda. Akasema ni virusi, akafuta mchezo wa karata, ambao ni yeye tu aliyekuwa akiucheza. Ikaganda. Akaazima kitabu kinene cha Kiingereza, akakisoma siku nne, miwani puani, hataki kusemeshwa. Alipomaliza alitangaza kwamba umeme wa Kariakoo hauna nidhamu.

Kesho yake jirani yetu wa chini, mama wa Kihindu mwenye duka la kuuza na kusaga viungo, alipanda kuangalia kadi za harusi ya binti yake. Sikuwa nimefika hata kwenye jina la bwana harusi, kompyuta ikaganda mbele ya macho yake. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya kasha.

"Dada, hii inaungua! Feni yake iko wapi?"

"Mama, hii siyo mashine ya kusagia," mume wangu akamjibu, kwa upole wa mtaalamu.

"Mashine ni mashine, baba. Ikikosa hewa inasimama. Zima, chomoa waya, lete bisibisi."

Akaleta. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwambia "lete" akaleta.

Kifuniko kilipotoka, tukaona feni imevaa blanketi la vumbi jekundu lenye manjano. Mume wangu akainama kulichunguza, akavuta pumzi ndefu. Alipiga chafya kumi na moja. Nilihesabu.

Jirani akalitazama vumbi, akatazama dirisha letu, lililokuwa juu kabisa ya mashine yake ya kusaga pilipili, kisha akafunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Tulicheka wote, hata mwenye chafya, alipopata nafasi.

Jirani aliisafisha feni kwa brashi kavu ya rangi, nasi tukahamishia kompyuta chumbani, upande wa pili wa nyumba. Kadi zikaisha siku ile ile bila kuganda hata mara moja. Nikamtaka mume wangu aviombe radhi vidole vyangu.

"Vidole navyo vilichangia," akasema.

Harusini, aliwaeleza wenzetu wa mezani jinsi alivyogundua, kwa kusoma tu, kwamba kompyuta nayo inahitaji kupumua. Jirani alikuwa akipita na sahani ya ladu tamu. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, akanitazama. Nikachukua ladu mbili, nikajaza mdomo.