Sebule Isiyokuwa na Mwenyewe

Ndugu yangu alipomaliza chuo kikuu Nairobi, alikuja kwanza kwangu Kaaga kabla ya kwenda nyumbani. Mimi ni mwalimu katika shule moja hapa Meru, na nyumba yangu iko karibu na ua wa shule. Nilikuwa nikikata sukuma wiki. Yeye akaketi juu ya debe la maji, akaanza kunieleza aliyoyasomea.

Alikuwa amesomea uchoraji. Baba alidhani angerudi akiwa mtu wa kuandika mabango, ama wa kuchorea watoto vitabu vya shule. Lakini huko chuoni alikuwa amekutana na mawazo aliyoyaita usasaleo, akayashika kama mtu aliyeokoka jana. Aliniambia kwamba picha haina maana moja ambayo mchoraji ameifungia ndani; anayeitazama ndiye anayeimalizia. Kwamba kiti cha nyumbani, ukikitoa mahali pake ukakiweka pengine, chaweza kuwa sanaa kama sanamu yoyote. Kwamba kila picha imezaliwa na picha nyingine, kwa hivyo kunakili si wizi. Na kwamba zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu duniani, tusizimeze bila kutafuna.

"Hata Biblia?" nikamuuliza.

"Dada, nimesema tutafune. Sijasema tuteme."

"Sasa kama kila mtu na maana yake, mimi nitasahihisha mitihani vipi?"

"Wewe sahihisha tu. Wanafunzi wako wanataka kupita."

Tulicheka mpaka nikaweka kisu chini. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu mama atutoke.

Mama alifariki wakati wa korona. Waliopitia siku zile wanajua. Maiti ilitoka hospitalini ikaenda moja kwa moja kaburini. Watu wa afya walisimama pale wakituhimiza tumalize, na chifu akawazuia majirani barabarani. Kikundi cha akina mama ambacho mama alifuma nacho vitambaa kwa miaka mingi kilisimama nje ya ua, ng'ambo ya miti ya miiba ya kei, kikaimba kutoka huko. Hakukuwa na matanga. Hakuna aliyekuja jioni kukaa nasi, kunywa chai na kusimulia mama alikuwa mtu wa namna gani. Tulimzika, tukanawa mikono, tukabaki sisi watatu tukitazamana.

Ndugu yangu alipofika nyumbani Manyatta, alikuta baba amenunua makochi mapya. Viti vya mama, vile vya mbao vyenye mito, pamoja na kabati lake la vyombo, vilikuwa vimetupwa kwenye banda la nyasi ya ng'ombe. Alinipigia simu.

"Anamfuta," alisema. "Kuku wanataga juu ya kiti chake."

Nilimwambia azungumze na baba polepole. Alichofanya ni kumwomba viti hivyo. Baba hakuuliza vya nini. Alisema, "Chukua. Viondoe hapa," akaenda zake kuchuma majani chai.

Hapo ndipo ile kazi ilipoanza. Kwenye soko la Manyatta kulikuwa na duka lililofungwa, zamani likiuza mbegu na dawa za ng'ombe. Jirani yake kulikuwa na kibanda cha muguka, yale majani ya kutafuna. Ndugu yangu alilipata duka lile kwa muda, akalifagia, akalipaka rangi ya kijani kibichi kama sebule yetu ya utotoni. Akapanga viti vya mama kuzunguka meza ndogo. Akaosha vitambaa vyake vyote, akavitandika migongoni mwa viti kama mama alivyokuwa akivitandika mwenyewe, ncha ikining'inia mbele. Vikombe vya wageni akavirudisha kabatini. Ukutani alitundika kalenda kuukuu na picha za arusi ambazo alikuwa amezikata na kuzibandika upya, bibi arusi wa mtu huyu na uso wa mtu yule, mpaka hukujua ni familia ya nani. Katikati, mahali ambapo nyumba nyingi huweka picha ya mwenye nyumba, alitundika fremu kubwa isiyokuwa na kitu. Mlangoni akaandika: *Ingia. Keti. Kumbuka.*

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda kumwona. Nilisimama katikati ya chumba kile. Nilijua kwamba ni duka, na bado niligeuka kuona kama mama anatoka jikoni.

"Utawaambia watu ni nini?" nikamuuliza.

"Sitawaambia kitu. Nikiwaambia, nitakuwa nimewaibia."

Asubuhi ya kwanza watu walichungulia tu. Vijana wa muguka walidhani ni duka la fanicha, wakauliza makochi mapya yatakuja lini. Halafu akaja jirani yetu, mama mmoja mzee aliyekuwa mweka hazina wa kile kikundi. Alikuwa amebeba kikapu cha ndizi akielekea kuuza. Aliingia, akakitua, akashika kitambaa cha kiti kilichokuwa karibu na mlango. Akakigeuza upande wa ndani, akatazama fundo.

"Huu ni mkono wake," alisema.

Akaketi. Akaanza kulia, si kwa kelele, mabega tu yakipanda na kushuka. Mimi nikaketi kando yake nikamshika mkono. Ndugu yangu alibaki amesimama ukutani, hajui aweke wapi macho.

Yule mama alipotoka hakwenda sokoni. Alikwenda kuita wenzake. Kabla ya saa sita kile kikundi chote kilikuwa pale, na chupa za chai, mkate, sukari, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyewaagiza. Walijaa kwenye viti, wengine sakafuni, wengine nje kwenye viti vya plastiki walivyoazima kanisani. Mmoja aliomba, mwingine akaanzisha wimbo. Kisha wakaanza kusimulia, kila mmoja kwa zamu yake. Niliwasikia wakisema mambo ya mama ambayo sikuyajua: kwamba aliwahi kumfukuza mwizi wa kuku akiwa na mwiko wa ugali, kwamba aliogopa sana radi, kwamba kabla ya kuolewa alitaka kuwa nesi. Tulicheka, tukalia, tukamimina chai tena.

Ndugu yangu alinivuta kando. Macho yalikuwa yanawaka.

"Dada, unaona? Wamejifanyia wenyewe. Mimi sijasema neno hata moja!"

Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama ile, wala sijamwona nayo tena.

Habari zilimfikia baba kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Mtu alimwambia, "Pole, mzee, nasikia kuna matanga kwako sokoni." Alikuja na koti lake la mvua na buti zenye matope. Alisimama mlangoni na wimbo ukakatika. Akatazama viti, kabati, vitambaa. Akatazama wanawake wenye vikombe mkononi.

Lazima nieleze kwamba ndugu yangu ana jina la babu, na kwa sababu hiyo baba alikuwa akimwita "baba" tangu akiwa mtoto. Siku ile hakumwita hivyo.

"Kijana," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Hii ni sanaa."

"Hawa wanalia nini?"

"Kila mtu analia chake. Mimi sikuwaambia walie. Kila anayeingia anaweka maana yake mwenyewe."

Baba alinyoosha kidole kwenye ile fremu tupu. "Na hapo unamngojea nani?"

"Simngojei mtu. Hapo kila mtu anamwona wake."

"Mimi nimejiona mimi," baba akasema.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma alinong'ona kwamba fremu isiyo na mtu inaita mtu wa kufa. Mwingine akaanza kufunga chupa yake ya chai. Ndugu yangu alitaka kueleza zaidi, nikamgusa mkono anyamaze, lakini baba ndiye aliyesema tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Unafikiri nilivitoa viti hivi kwa sababu nimemsahau? Nilikuwa nikiamka naona kile kiti, naanza kumwamkia. Kila siku. Nikaona nitarukwa na akili." Akapangusa uso kwa kiganja. "Umesema kila mtu ana maana yake. Yangu hukuniuliza."

Akageuka akaenda. Hakuna aliyemfuata. Nilitamani ndugu yangu amfuate, na naamini naye alitamani, lakini hakuondoka pale ukutani. Wanawake walikusanya vyombo vyao kimyakimya. Githeri ilirudi nyumbani bila kuliwa yote.

Kuanzia siku ile maneno yalitembea. Wengine walisema kijana yule amejifunza uganga Nairobi. Mchungaji, mtu mpole ambaye hakutaka ugomvi, alikuja kuomba ndani ya lile duka, na ombi lake likawafanya watu waamini zaidi kwamba kulikuwa na kitu cha kuombewa. Ndugu yangu alivishusha vyote kabla ya wiki kwisha. Viti alivigawa kwa kikundi, fremu akaichoma. Alipata kazi kwenye shamba la maua huko Timau, upande wa baridi wa mlima, ya kupanga waridi kwa urefu wa vikonyo. Aliniambia ni kazi nzuri kwa sababu ua halina maana yoyote, lina urefu tu. Nilijua anajikuna kidonda.

Baba alikaa muda mrefu bila kumtaja. Halafu siku moja alinipigia simu akasema angependa kuona ngano ya Timau, kwamba amesikia ni kubwa. Nikaelewa. Tulikwenda pamoja siku ya Jumapili. Ndugu yangu alitupokea kwenye nyumba za wafanyakazi akiwa amevaa kofia ya sufu, akatupikia chai yenye tangawizi. Wao wawili walizungumza juu ya baridi. Wakazungumza juu ya buti, zipi zinaingiza maji na zipi haziingizi. Wakatoka nje wakatazama ngano, na baba akauliza inavunwa kwa mashine ya namna gani, akajibiwa kwa urefu. Nilikuwa nikingoja mmoja aseme neno juu ya siku ile ya sokoni. Wakati wa kuagana baba alimpa koti lake zito.

"Shika, baba. Huku utaganda."

Hivyo tu. Nilifikiri tungerudi tena, na safari hiyo wangefika mbali zaidi. Mvua za masika zilipoanza, baba alipata homa ya mapafu, na hakutoka hospitalini.

Korona ilikuwa imepita, na mazishi yake yalikuwa huru, yenye watu wengi. Hema lilijengwa uani, na mvua ya manyunyu ikanyesha tangu alfajiri. Niliwakaribisha akina mama wa kikundi ndani, sebuleni, kwenye yale makochi mapya. Walikataa kwa adabu. "Tuko sawa hapa, mwalimu." Walikaa nje wakilowa miguu siku zote za matanga, na hakuna aliyevuka kizingiti cha sebule yetu. Ndugu yangu aliona, akaelewa kwamba bado waliiogopa ile fremu, akachukua jembe akaenda kuchimba mtaro wa kupitisha maji yasiingie hemani. Alichimba mpaka mtu akamwambia inatosha.

Nyuma ya nyumba, penye sufuria kubwa, yule mama jirani aliniita kando. Alikuwa akimenya viazi vya kupondea mukimo.

"Ile siku ya sokoni," alisema bila kuniangalia, "watu wanasema maneno. Lakini mimi siku ile ndiyo nilimzika mama yako. Ile ya korona haikuwa kuzika. Tangu siku ile nalala vizuri."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwogopa mzee. Halafu nikaogopa watu."

Nilimwambia ndugu yangu tulipokuwa tukikunja hema. Aliendelea kukunja kamba, mzunguko juu ya mzunguko.

"Wangeniambia wakati ule," alisema. "Baba akiwa anasikia."

Mwaka huu mwanamke mmoja wa jumba la sanaa Nairobi alizipata picha za sebule ile, ambazo mwenzake wa chuo alikuwa amezipiga kwa simu alipokuja kuiona. Alifunga safari hadi Timau. Alimwambia kwamba kazi ile ilisema juu ya miaka ya korona jambo ambalo wengine hawajaweza kulisema, na akamwomba aijenge upya Nairobi, kwa viti vyovyote vile. Si lazima viwe vile vya kwanza, kwani nakala nayo ni kazi. Ndugu yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akakataa.

Nilipomtembelea likizo iliyopita nilimuuliza kama huo si ujinga. Tulikuwa tumesimama nje ya chumba chake, ukungu umefunika mashamba, na wenzake wa zamu ya mchana walikuwa wakipita wakimsalimia.

"Nairobi wataingia, watatazama, wataelewa kila kitu," alisema. "Halafu watakwenda kula. Hakuna atakayekuja na githeri."

"Basi jenga nyingine. Kitu kingine kabisa."

"Labda," akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayekuridhisha ili unyamaze.

King'ora cha zamu kikalia. Akafunga zipu ya lile koti la baba, akaniambia nisiache mlango wazi kwa sababu ya baridi, akaenda.